Mita Moja na Vidole Viwili

Kila siku baada ya masomo, Waziri wa Fedha alivua sare ya shule, akavaa fulana iliyotoboka kwapani, akaenda kwenye karakana ya baba yake kung'oa misumari. Baba alikuwa fundi wa makochi. Kochi kuukuu likiletwa kushonwa upya, kazi ya binti yake ilikuwa kubandua kitambaa cha zamani na kutoa vyote vilivyozama humo kwa miaka mingi: vichana, kalamu, maganda ya karanga, vifungo, na safari moja meno ya bandia, yaliyowachekea kutoka ndani ya sponji. Kila chenye thamani kilitiwa kwenye bahasha kikarudishwa kwa mwenyewe. Hata yale meno. Mwenyewe alishukuru kwa kutikisa kichwa, akayapachika mdomoni, ndipo akashukuru kwa maneno.

Jina la Waziri halikuwa mzaha, au tuseme halikuwa mzaha mtupu. Nyumba yao ya vyumba viwili na sebule ilikuwa na serikali kamili. Baba alikuwa Rais, ingawa amri zake nyingi zilitoka kwa Mama. Mama, mwenye saluni mtaa wa pili, alikuwa Spika, kwa kuwa hakuna aliyewahi kushindana na sauti yake akasikika. Binti wao wa miaka kumi na mitatu alishika fedha kwa sababu mbili: alikuwa hodari wa asilimia, na alikuwa mbishi kiasi kwamba kumnyima cheo kungewachosha watu. Mdogo wake wa miaka mitano alikuwa Wananchi. Yaani wote. Alilalamika kwa niaba yao wote, na bila mapumziko.

Mdogo huyo alikuwa mfupi kuliko wenzake, na watoto wa Shangazi walikuwa wamembandika jina la Kisiki. Jina likamganda kama gundi ya karakana. Ukimwita hivyo aliitika, lakini mdomo ulitangulia mbele kwa kununa.

Ijumaa jioni, vyombo vikishaondolewa mezani, Baraza lilikaa. Ajenda ilikuwa moja kwa mwaka wa pili sasa: safari ya ng'ambo, familia nzima, kwenda Bustani ya Maajabu. Huko, kwa mujibu wa picha walizozitazama kwenye simu ya Mama mpaka kioo kikachoka, kulikuwa na gurudumu refu kuliko maghorofa, ziwa lenye boti za umbo la bata, na michezo ambayo mtu hulipa ili atishwe. Waziri alimtaka Mwewe, gari la reli linalopanda taratibu kupita vilele vya miti, likasimama kidogo juu kama linalotafakari, kisha likaporomoka huku abiria wakitubu makosa yao yote. Kisiki alitaka Treni ya Joka, inayopita ndani ya pango na kutema moshi. Mama alitaka kukaa mahali popote ambapo hakuna kichwa cha kusuka. Baba alisema yeye anataka kuviona viti tu.

"Kiti kinapinduliwa miguu juu na mtu hadondoki," alisema. "Huo mshono lazima niuone kwa macho yangu."

Aliyekuwa haitaki safari hiyo ni Shangazi, dada yake Baba, ambaye alikuja kila Jumapili kunywa chai na kukagua maisha yao. Yeye na wanawe walikwisha kwenda huko, na hakukuwa na siku aliyomwacha mtu asahau.

"Kaka, ng'ambo si kushona mto," alisema Jumapili moja, akijipepea kwa sahani ya kikombe. "Kuna viza, kuna bima, kuna mizigo. Nyie mtaishia kupunga mkono kwenye uzio, mkiangalia ndege za wenzenu."

"Tutaenda, Shangazi," alisema Waziri.

"Lini, mwanangu? Mimi nikiwa hai?"

"Likizo ndefu hii inayokuja. Na ukitaka zawadi, agiza mapema, tuiweke kwenye bajeti."

Mama alimtupia jicho la onyo. Baba alipata kikohozi cha ghafla na kutazama dirishani. Shangazi alicheka mpaka mabega yakatikisika. "Haya, Waziri! Siku mkifika uwanja wa ndege mnipigie simu, nije kushuhudia."

Waziri alijisikia moto masikioni. Kuanzia siku hiyo safari haikuwa tena ya Mwewe peke yake. Ilikuwa vita, na yeye ndiye jemadari.

Tatizo ni kwamba vita vyenyewe vilikuwa na pengo. Wakala wa safari aliuza kifurushi: ndege, hoteli, basi la kwenda na kurudi, na tiketi za bustani kwa siku mbili. Waziri aliweka akiba yote upande mmoja na gharama zote upande wa pili, akapunguza zawadi, akafuta soda, akamshawishi Baba avae viatu vilevile. Pengo halikuzibika. Na kwa uchokozi wake, lilikuwa karibu sawa kabisa na gharama ya mtu mmoja.

Jumapili iliyofuata Shangazi alimkuta jikoni, ameuma kalamu. Alichungulia karatasi yake, akateremsha sauti kama mtu anayempa mtoto peremende ya kificho.

"Huyu Kisiki mmemwandika wa nini? Mtoto wa chini ya mita moja haingii kwenye hesabu. Kwenye kifurushi cha wakala hupita bure: ndege, hoteli, bustani. Mimi wangu mdogo alipita hivyohivyo."

"Kisiki ameshapita mita, Shangazi. Kwa vidole viwili."

"Vidole viwili!" Shangazi alimpiga kikofi begani. "Si anakunja magoti? Kila mtu anafanya hivyo, mwanangu. Unafikiri matajiri walitajirika wamesimama wima?"

Waziri aliwaza jambo hilo kwa muda wa kuosha kikombe kimoja. Kisha akamwita mdogo wake nyuma ya nyumba, akamkabidhi kazi ya siri ya serikali.

"Mchezo wa bata," alimweleza. "Nikikukonyeza, unakunja magoti kidogo, unaficha shingo, unatulia. Mtu yeyote asijue. Ukiweza, tunaenda kwenye Joka."

"Nikishindwa?"

"Tunabaki hapa tukimsikiliza Shangazi."

Kisiki alifanya mazoezi kwa bidii iliyotisha. Alivaa suruali pana aliyorithi kwa binamu zake, ambayo ndani yake magoti yangeweza kufanya lolote bila kushtakiwa. Alikuwa bata akienda chooni, bata akipiga mswaki. Siku Waziri alipomwandika mdogo wake wa bure na Baraza likataka uthibitisho, Mama alimsimamisha kwenye mwimo wa mlango, akaweka kitabu juu ya kichwa chake na kupiga mstari. Chini ya mita. Bajeti ikapita bila kupingwa, Waziri akapigiwa makofi, na Kisiki akapiga makofi kuliko wote.

Lakini Mama alibaki pale mlangoni akiutazama ule mstari.

"Mbona huyu hakui?" alimwuliza Baba kwa sauti ndogo. "Mwezi ule nilimpima akawa amezidi hapa. Mtoto anarudi chini?"

Kuanzia kesho yake Kisiki alilishwa mayai. Aliletewa maziwa asubuhi na mchicha jioni. Mama aliwauliza wateja wa saluni kuhusu madini ya mifupa, na kila mteja alikuwa na dawa yake. Mmoja alishauri mtoto aning'inizwe kwenye tawi. Kisiki, aliyekuwa amefurahia kuwa jasusi, alianza kunyong'onyea. Jioni moja Waziri alimkuta kitandani ameinyoosha miguu yake, anaitazama kama vitu alivyoazimwa.

"Dada, mimi ni mgonjwa?"

"Wewe? Mzima kama jiwe."

"Mama kasema sikui."

"Ni mchezo tu, wewe. Vumilia." Na Waziri akazima taa upesi, kwa sababu uso wa mdogo wake ulikuwa umeanza kumwuliza mambo mengine.

Jumamosi ya malipo ikafika. Baba alifunga karakana mapema, Mama akafunga saluni, wakaenda wote wanne kwenye ofisi ya wakala wakiwa wamevaa nguo za maana. Wakala alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa mnyororo. Ukutani kwake palibandikwa bango refu la twiga, na shingoni mwa twiga kulikuwa na vipimo.

"Watu wazima wawili, mtoto mkubwa mmoja," alisoma. "Na huyu wa bure. Kijana mdogo, hebu simama na twiga wetu. Getini wanapima tena, sitaki nilaumiwe mimi."

Waziri alikonyeza. Kisiki akakunja magoti, akaficha shingo, akatulia. Ilikuwa kazi safi. Wakala alishaweka kalamu kwenye karatasi. Ila pembeni mwa twiga, usawa wa macho ya mtu aliyejikunja, palikuwa na picha ya Treni ya Joka ikitoka pangoni na moshi wake, na juu ya picha, penye mita moja, mstari mwekundu ulionyooka kabisa.

"Huu mstari wa nini?" aliuliza Kisiki.

"Wa treni hiyo," alisema wakala. "Aliye chini ya hapo hapandi."

"Hapandi hata kidogo?"

"Hapandi. Anavishwa bangili ya kijani, anakaa kwenye vikombe vinavyozunguka, pamoja na watoto wachanga."

Kisiki aliutazama mstari. Alimtazama Joka. Alimtazama dada yake, ambaye alikuwa anakonyeza kwa jicho moja mpaka linatoa machozi. Kisha, taratibu kama kochi linalorudi juu mtu mzito akiinuka, magoti yakanyooka. Shingo ikatoka. Kidevu kikapanda.

"Mimi si mfupi!" alipiga kelele mpaka mteja wa meza ya pili akaangusha pasipoti. "Mimi nimepita mita! Dada ndiye kanikunja!"

Wakala aliivaa miwani. Mama alimgeukia Waziri, kisha akamshika mdogo mkono na kumtoa kwenye twiga. Baba aliichukua bahasha ya pesa mezani, akairudisha mfukoni, akasema, "Utusamehe, mama. Tutakuja tena tukiwa na hesabu ya kweli."

Njiani Waziri aliona ni bora ashambulie kabla ya kushambuliwa.

"Kila mtu anafanya hivyo!" alisema. "Shangazi kafanya! Nilifanya kwa ajili yetu sote. Vidole viwili tu, nani kaumia?"

Mama alisimama katikati ya njia. "Wiki zote hizi nimelala nikiwaza mwanangu ana ugonjwa. Nimemlisha mayai mpaka anaogopa kuku. Unaniuliza nani kaumia?"

"Mimi pia niliumia," alisema Kisiki. "Magoti."

Waziri aliangalia mbele. Alimwona mdogo wake anatembea mbele yao, amejinyoosha kwa nguvu kama askari wa gwaride, na kila baada ya hatua chache anajishika kichwa kuhakikisha kingali juu. Alikuwa ametaka urefu huo maisha yake yote mafupi. Siku aliyoupata, dada yake aliuchukua akaufanya punguzo la bei.

"Samahani, Mama," alisema hatimaye. Kisha kwa shida zaidi, "Samahani, Kisiki."

"Usiniite hivyo."

"Samahani, mdogo wangu."

Jioni hiyo Baraza lilikaa kwa dharura. Waziri alikuwa ameshaandaa hotuba ya kujiuzulu, yenye machozi mahali pake, lakini Baba alimkatiza.

"Kukufukuza ni kukupa mapumziko. Wewe bado ni Waziri. Safari haijafutwa. Unayo wiki moja: leta hesabu ambayo ndani yake kila mtu amesimama wima."

"Haitatosha, Baba. Na Shangazi atatucheka."

"Na acheke. Kicheko chake ni bure, hakimo kwenye bajeti."

Wiki hiyo Waziri alifanya kazi kama aliyekodiwa. Alifukua kila tarehe na kila bei. Ikadhihirika kwamba likizo ndefu ndiyo inayotawaliwa na umati, na bei hupanda kama Mwewe mwenyewe. Lakini katika likizo fupi, miezi kadhaa baadaye, watu ni wachache, hoteli zinawabembeleza wageni, na kifurushi kinashuka. Alijumlisha watu wanne, wote warefu, na viza, na bima, na mizigo, na chakula cha mchana. Ilitosha! Akarudia kujumlisha. Ilitosha, na kulibaki cha kununulia soda.

Alikuwa karibu kushangilia alipoufikia mstari wa mwisho, ulioandikwa kwa herufi ndogo kama sisimizi. Katika msimu huo Mwewe hufungwa kwa matengenezo. Michezo mingine yote iko wazi.

Waziri aliweka simu mezani, akaitazama kwa chuki. Safari hii hapakuwa na haja ya kumkunja mtu. Ilitosha tu aifiche hesabu hii, aseme likizo fupi haifai, wasubiri mwaka mwingine hadi Mwewe awe wazi. Nani angejua ni kwa sababu ya zile herufi za sisimizi? Aliisikia sauti ya Shangazi ikisema kila mtu anafanya hivyo. Akaikasirikia sauti hiyo. Si kila mtu, alijibu moyoni. Mimi sifanyi. Hata nikibaki peke yangu dunia nzima, sifanyi.

Ijumaa alisoma hesabu yake mbele ya Baraza, mstari kwa mstari, pamoja na ule wa mwisho.

"Mwewe amefungwa?" Mama aliuliza. "Na wewe utafanya nini huko?"

"Nitapanda Joka na Wananchi," alisema Waziri, na sauti ilitetereka kidogo tu. "Kama watanikubali."

Wananchi walifikiri, wakakubali kwa masharti: wao watakaa mbele.

Malipo yalifanywa Jumamosi. Jumapili Shangazi aliingia akiwa na tabasamu lililotangulia mlangoni kabla ya mwenyewe.

"Nasikia likizo ndefu imekushinda, Waziri!" alisema hata kabla ya kukaa. "Si nilisema?"

Zamani Waziri angetafuta pa kujificha, au angetunga sababu. Alisimama mbele ya kiti cha Shangazi, mikono nyuma.

"Ulisema, Shangazi. Nami nilisema likizo ndefu, nikashindwa, ni kweli. Tunaenda likizo fupi. Tiketi nne, zote za kulipa, na risiti ipo."

"Nne! Na huyu wa vidole viwili mmemlipia? Jamani, wifi, watoto wako hawana akili ya biashara. Si nilimwonyesha njia?"

"Uliionyesha, nikaifuata," alisema Waziri. "Ikatufikisha pabaya. Naomba unisamehe, Shangazi, kwa heshima zote, lakini huyu hakunjwi tena. Si na mimi, si na twiga, si na mtu yeyote aliyemo humu ndani."

Mama hakumtupia jicho safari hii. Alimmiminia Shangazi chai. Shangazi alifungua kinywa kujibu, akakutana na macho ya mtoto wa miaka mitano aliyesimama kando ya dada yake, kidevu juu. Alikoroga chai muda mrefu, ingawa alikuwa hajaitia sukari.

"Na wewe mwanao mdogo alipanda nini kule?" Baba alimwuliza dada yake kwa upole.

Shangazi aliendelea kukoroga. "Vikombe," alisema mwishowe. "Siku zote mbili. Wenzake wako kwenye Joka, yeye na bangili ya kijani. Alilia mpaka hotelini." Akaweka kijiko chini. "Sijawahi kuisimulia sehemu hiyo."

Baba aliivuta stuli akaketi, mwanawe mdogo akapanda pajani kwake, na Waziri akaegemea ukuta.

"Sikilizeni, wanangu, na wewe dada yangu," alisema Baba. "Mtu akiniletea kochi na kitambaa hakitoshi, ninazo njia mbili. Niongeze kitambaa, au nimwambie mwenyewe asubiri. Sijawahi kukata mguu wa kochi ili kitambaa kitoshe. Hesabu ikimtaka mtu ajikunje, hiyo hesabu bado haijatosha, hata kama namba zake zinapendeza. Na Waziri wetu amejifunza jambo ambalo wakubwa wengi tunalikwepa: kusema 'bado hatuwezi' mbele ya anayekucheka, bila kuinamisha kichwa. Huo ndio ubishi ninaoutaka nyumbani kwangu."

Shangazi alivuta pumzi ndefu. Kisha akauvuta mkoba wake, akautazama ule uso mdogo uliokuwa bado umeinua kidevu pajani kwa Baba, akauliza kwa sauti ambayo hawakuwahi kuisikia kwake:

"Hiyo likizo fupi... tiketi bado zipo? Nina mtoto mmoja wa kulipia bei kamili."